Karatasi ya Sauti ya Kwanza

Katika utumishi wangu nimesema uongo mwingi mdogomdogo, na huo siuhesabu. Afisa aliyekaa miaka kumi na moja kwenye kituo kimoja bila kumwambia mtu "bosi ametoka" au "faili lako linashughulikiwa", huyo hakuwa kazini, alikuwa likizo. Lakini upo uongo mmoja, wa maneno mawili tu, ambao umekataa kunitoka kichwani: "Hakuna nafasi." Nilimwambia mwanamke aitwaye Notburga, mwaka 1995, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha ofisini na yeye amesimama.

Mimi ni Ambokile, mtu wa Tukuyu. Mwaka 1988 nilipelekwa Mbinga kuwa Afisa Utamaduni wa wilaya, kazi ambayo marehemu mama yangu hakuielewa mpaka alipofariki. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe anacheza ngoma za serikali. Sikumsahihisha, maana hakuwa mbali sana na ukweli.

Notburga alizaliwa Lituhi, kando ya ziwa, mtoto wa kwanza wa Mama Otilia. Baba yao alifariki mapema, na mama akawalea yeye na mdogo wake Devotha kwa kuanika na kuuza dagaa. Shuleni kwa masista Notburga alifundishwa kusoma muziki kwa herufi, kuanzia do mpaka ti, akawa anaweza kuandika wimbo papo hapo unapoimbwa, kama mwanafunzi anavyoandika imla. Mwaka 1971 alipanda milimani, akaajiriwa karani kwenye Chama Kikuu cha Ushirika pale Mbinga mjini. Enzi hizo chama ndicho kilichonunua kila punje ya kahawa ya Wamatengo. Kilikuwa na malori, kilikuwa na maghala, kilikuwa na nyumba ya wageni, na mwaka 1974 kikaamua kuwa na kwaya.

Msiifikirie kama kwaya ya kanisani ya mazoezi ya Jumamosi. Hawa waliajiriwa kuimba. Walisaini daftari la mahudhurio saa moja na nusu asubuhi kama makarani wengine, walikuwa na sare, walikuwa na likizo, na waliochelewa waliandikiwa barua za onyo. Waliimba kwenye mikutano mikuu, waliimba msimu ulipofunguliwa, waliimba wageni wakubwa walipoletwa kuona mashimo ya ngoro, kilimo cha Wamatengo cha kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kwenye miteremko yetu. Watu waliwaita Kwaya ya Kahawa. Mwalimu wao alikuwa Pankras, mtu mfupi, mwenye hasira za karibu, aliyekuwa anasikia kosa moja kati ya waimbaji thelathini hata akiwa amewapa mgongo.

Siku ya kupima sauti, Notburga na Devotha walikwenda pamoja. Devotha alikuwa na miaka kumi na sita, Notburga ishirini na minne. Pankras aliwasikiliza wote wawili, kisha akatoa hukumu yake mbele ya watu.

"Huyu mdogo aje kesho asubuhi. Huyu mkubwa ana masikio mazuri kuliko yangu, lakini sauti yake ni ya kuitia kuku."

Watu wakacheka, na Notburga akacheka nao. Alinisimulia mwenyewe kwamba baadaye alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kwenye meza yake ya ukarani. Juma lililofuata Pankras alikiomba chama kimpe karani huyo mwenye masikio, awe mtunza kumbukumbu wa kwaya. Akapewa. Kuanzia siku hiyo Notburga hakuimba tena mbele ya mtu, hata kanisani. Alisimama na kitabu cha nyimbo, midomo imefungwa.

Kwa miaka ishirini aliandika kila kitu. Nimewahi kuona makabati mengi ya serikali, mengi yao ni makaburi ya karatasi, lakini kabati la Notburga ulikuwa ukiuliza unajibiwa. Nani hakuja tarehe fulani na kwa sababu gani. Wimbo upi uliimbwa kijijini Ruanda kwenye ufunguzi wa ghala, na mvua ilinyesha katika ubeti wa ngapi. Ugomvi wa viatu vya sare, kurasa tatu. Picha, ratiba, barua za pongezi, barua za onyo, na nyimbo zenyewe zikiwa zimeandikwa kwa mwandiko wake uliosimama wima. Na chini kabisa, kwenye droo yenye kufuli lake, zilikaa bahasha.

Bahasha hizo nizieleze vizuri, kwa sababu habari yote hii ni habari yake.

Mwimbaji alipoajiriwa, kabla hata hajapewa sare, Pankras alimtungia wimbo wa kuzikwa kwake. Wimbo mpya, wa mtu huyo peke yake. Haukuimbwa hata siku moja mwenyewe akiwa hai, kwa kuwa waliamini kuimba wimbo wa mtu aliye hai ni kumwita kaburini. Pankras aliutunga ubaoni, Notburga akaunakili kimya kimya kwenye karatasi nne, kila sauti karatasi yake, jina la mwenye wimbo juu kushoto, ubao ukafutwa. Karatasi zikatiwa kwenye bahasha, likaandikwa jina, ikafungwa kwa gundi. Pankras hakutaka sauti nne zikae kwenye karatasi moja, mtu asije akaupiga mluzi wimbo wa mwenzake kwa bahati mbaya.

Siku ya mazishi bahasha ilifunguliwa. Waimbaji walijifunza wimbo uani kwa marehemu, saa moja tu, wakaenda kuuimba kaburini. Waliimba sauti tatu. Ile ya nne, sauti aliyokuwa akiimba marehemu, iliachwa. Akifa mtu wa besi, besi hakuna. Unasikia wimbo una shimo ndani yake, na shimo hilo ndilo yeye.

Mara ya kwanza niliiona desturi hiyo mwaka 1989, walipomzika mtu wa besi aliyeitwa Ildefonsi. Mimi nimekulia kwenye kwaya za Kimoravian, nilidhani nazijua kwaya. Nililia kama mtoto, na marehemu mwenyewe sikuwa namfahamu. Nilimwona Notburga amesimama mbele ya waimbaji, ameshika ile karatasi ya besi isiyoimbwa, anafuata nota zake kwa kidole, moja moja, ili wengine wajue wangoje mpaka wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake mazishini. Baadaye nilimuuliza kwa nini waliandika sauti ambayo haitaimbwa.

"Pengo nalo lina vipimo vyake, Bwana Utamaduni," alisema. "Lisipokuwa na mtu wa kulihesabu, wenye sauti watalijaza."

Pankras alifariki mwaka 1991. Hakuna mwingine aliyeweza kutunga nyimbo hizo, wala aliyethubutu. Bahasha zilizobaki hazijafunguliwa zilikuwa kumi na saba, na kwenye mojawapo liliandikwa jina la Devotha.

*

Soko huria lilifika Mbinga kwa pikapu nyeupe. Walikuja vijana wenye mizani mipya, wakanunua kahawa barazani kwa mkulima, taslimu, na mkulima aliyezoea kungoja malipo ya pili na ya tatu hakuhitaji kuhubiriwa. Simlaumu. Chama kikabaki na maghala matupu na malori juu ya mawe. Mwaka 1994 walianza kupunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa ilikuwa kwaya. Barua yenyewe ilikuwa nusu ukurasa. Notburga aliipiga mwenyewe kwa taipureta, nakala kumi na nane, akaweka nakala moja kabatini.

Waimbaji wakatawanyika. Wengi walirudi mashambani. Henry, mtu wa tenori, alifungua kibanda cha kanda sokoni, akawa anauza sauti za watu wengine. Devotha alikwenda Songea kutafuta maisha. Notburga alibaki na kabati, na mwaka uliofuata kabati nalo likauzwa, maana jengo lilipata mpangaji na mpangaji alitaka chumba kitupu. Kwake alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, chenye mchwa ukutani na bati linalovuja. Ndipo alipokuja kwangu.

Alibisha hodi, nikamkaribisha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Bwana Utamaduni. Nimekuja kuomba stoo yako ile ya nyuma. Ni za kwaya, hazizidi magunia sita. Zitakaa tu, hazisumbui mtu."

Stoo ile ilijengwa kwa ajili ya ngoma, mavazi na kumbukumbu za utamaduni wa wilaya. Ndiyo kazi yake hasa, na imeandikwa mlangoni. Lakini miaka ile mishahara ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi, na kila mtumishi alikuwa na mradi wake wa pembeni. Bwana Mifugo alikuwa na kuku, Bwana Elimu alikuwa na baa. Mimi nilikuwa nanunua mahindi wakati wa mavuno na kuyauza wakati wa njaa, na stoo ilikuwa imejaa mpaka darini. Ningeweza kuondoa magunia sita. Sikutaka tu, na sikutaka aingie aone.

"Hakuna nafasi, dada. Ningekuwa nayo ningekunyima?"

Alinitazama kidogo, akashukuru, akaondoka. Watu wanaoshukuru unapowanyima ni wabaya, hawakuachii pa kujifichia.

Notburga akafanya alivyojua yeye. Alikuwa mtu wa ushirika tangu usichana wake, na katika ushirika kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuguswa na mtu: gunia la kahawa lililoshonwa na kupigwa lakiri ya chama. Mwizi angeiba kuku, angeiba baiskeli ya padri, lakini gunia lile lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, ghala la chama, na wa kulinunua alikuwa mmoja. Aliyekutwa nalo njiani hakuwa na la kueleza. Ukitaka kitu kisiguswe miaka kumi, kifanye kifanane na kahawa ya chama. Basi akazipanga kumbukumbu zote kwenye magunia sita ya kahawa, akayashona kwa sindano ya magunia mshono wa chama, akayapiga lakiri ya chama iliyokuwa imesahauliwa kwenye droo yake. Akayaweka kwenye ghala la zamani, lililokuwa likilindwa na mzee Kilian. Aliniambia baadaye kwamba siku hiyo alikwenda nyumbani akalala usingizi mzuri kuliko siku zote.

Hakufikiria kwamba zama zimegeuka. Gunia ambalo zamani halikuwa na pa kuuzwa, sasa lilikuwa na wanunuzi saba mjini na hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Alikuwa ameficha karatasi zake ndani ya kitu pekee ambacho Mbinga nzima ilikuwa inakitafuta.

Agosti 1996, msimu umepamba moto, asubuhi Kilian alikuta kufuli limekatwa. Yalichukuliwa magunia sita, hayo hayo, maana mengine ghalani hayakuwapo. Kituoni askari aliyeandika maelezo alimuuliza Notburga mara mbili.

"Mama, yaani wameiba karatasi?"

"Karatasi, baba."

"Za nini?"

"Za watu kuzikwa."

Askari akafunga daftari taratibu, akamshauri akapumzike.

Wezi walipofungua na kuona walichobeba, magunia waliyachukua, maana gunia tupu lina thamani yake, na karatasi wakazimwaga kwenye korongo nyuma ya soko. Mifuko ya plastiki ilikuwa bado ya wenye nazo. Wauza karanga na wauza maandazi walifungia kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa shida. Kabla jua halijakuwa kali korongo lilikuwa limefagiliwa safi. Notburga alipofika alikuta picha tatu na kipande cha ratiba.

Siku ya tatu mtoto wa jirani yake alitoka dukani na karanga, na karanga zilikuwa ndani ya daftari la mahudhurio la mwaka 1982. Ndipo alipoelewa zilikokwenda. Akaanza kununua. Alinunua karanga, maandazi, vitumbua, dagaa, kwa kila muuzaji, kila siku, na akiwaomba wamwonyeshe karatasi kwanza walimpandishia bei au wakamfukuza wakidhani amechanganyikiwa. Chakula aligawia watoto. Karatasi alizifuta mafuta kwa majivu, akazilaza chini ya godoro.

Alikuja kunipa taarifa ofisini, kwa kuwa mimi bado nilikuwa Afisa Utamaduni na yeye bado aliamini kwamba taarifa hupelekwa kwa mhusika. Hakunikuta mezani. Alinikuta nyuma, mlango wa stoo uko wazi, nampimia mteja mahindi. Alisimama pale akaitazama ile stoo kutoka chini mpaka juu.

"Mahindi mazuri, Bwana Utamaduni," alisema.

Akageuka akaenda zake. Hakuinua sauti, wala hakulisema tena jambo hilo mpaka leo. Ningependa kusema kwamba siku ile ile niliitoa biashara yangu nje. Sikuitoa. Nilimaliza kupima, nikapokea pesa, nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia nikiona aibu mpaka miguu ikafa ganzi.

*

Kesho yake nikaanza na mimi kununua maandazi. Nilinunua huku sokoni, nilinunua stendi, nikienda safari nilinunua Ruanda. Nilinenepa. Karatasi nilizopata nilimpelekea Notburga kila Ijumaa, naye alizipokea, akazipanga kwenye katoni la sabuni. Ziliporudi tulizihesabu: bahasha kumi na saba zilikuwa na karatasi sitini na nane, na hadi Krismasi tulikuwa na ishirini na mbili, nyingi za watu tofauti, sauti moja hapa, mbili kule. Wimbo uliotimia sauti zote nne ulikuwa mmoja tu, wa Henry, na Henry alikuwa mzima kama jiwe.

Wakati huo Devotha alikuwa amerudishwa kutoka Songea akiwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja kwa jina, ulikuwa ukionekana kwa macho na hiyo ilitosha. Alipelekwa Lituhi kwa mama yao. Notburga aliteremka kumwona mwezi wa Januari, na aliporudi alinisimulia huku anapanga karatasi, mikono haisimami.

"Ameniuliza, 'Dada, bahasha yangu ipo?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ipo." Akaweka karatasi nyingine katonini. "Akasema basi, kama ipo, haogopi. Amefurahi mno. Sijawahi kumdanganya mdogo wangu tangu azaliwe."

Mimi ndiye niliyejua jinsi neno dogo la namna hiyo linavyokuwa zito baadaye.

Kuanzia hapo hatukutafuta nyimbo kumi na saba, tulitafuta mmoja. Nilikwenda kwa wauzaji na jina: Devotha, limeandikwa juu kushoto. Niliahidi pesa. Niliwafanya watoto wa shule wakague kila karatasi waliyokutana nayo. Mwezi wa Februari, saa nne ya asubuhi, mhudumu wa ofisi aliniletea chai na maandazi mawili, nikayafungua bila kufikiri, nikaona mwandiko uliosimama wima. Juu kushoto, chini ya doa la mafuta: Devotha. Niliacha chai na maandazi mezani, nikakimbia, mtu mzima na tai, kutoka bomani mpaka kwake.

"Imepatikana, dada! Ya Devotha!"

Aliichukua kwa mikono miwili. Aliisoma mstari wa kwanza, wa pili, mpaka chini, midomo imefungwa kama kawaida yake. Kisha akaketi kitandani.

"Hii ni sauti ya kwanza," alisema.

"Si ndiyo sauti yake?"

"Ndiyo sauti yake, Ambokile. Hii ndiyo isiyoimbwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Nilisimama pale nikihema, nikaelewa polepole, kwa maana mimi huelewa mambo polepole, kwamba kati ya karatasi nne za Devotha tulikuwa tumepata ile moja ambayo desturi inaikataza. Sauti tatu za kuimbwa zilikuwa zimeshaliwa na karanga za watu. Tulizitafuta wiki tatu zaidi. Hatukupata hata moja.

Devotha alifariki katikati ya Machi 1997.

Mvua zilikuwa zimeikata barabara vibaya. Tuliteremka kwa lori la wachuuzi wa dagaa, mara tatu tukashuka kulisukuma, matope mpaka magotini. Waimbaji waliokuja walikuwa tisa kati ya kumi na sita waliobaki. Henry alikuwapo. Walivaa sare za chama zilizopauka, na baadhi zilikuwa hazifungiki tena. Njiani hakuna aliyeuliza wataimba nini. Wote walijua, na wote walikuwa wanaogopa kuwa wa kwanza kusema.

Uani Henry alimwambia Notburga waimbe wimbo mwingine, hata mmoja wa kanisani, watu wa Lituhi hawatajua tofauti.

"Nitajua mimi," alisema Notburga. "Na nilimwambia ipo."

"Sasa tutafanyaje, dada?"

"Tutafanya kama siku zote. Mtasimama, mimi nitashika yake."

Basi tukaenda makaburini. Padri alimaliza sala zake, akarudi nyuma kidogo akiwapisha, maana alijua Kwaya ya Kahawa huwa na jambo lake. Wale tisa wakapanga mistari, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, wakaacha nafasi ya Devotha mahali pake. Notburga akasimama mbele, akafungua karatasi yenye doa, akaweka kidole kwenye nota ya kwanza. Kidole kikaanza kwenda. Hakuna aliyeimba. Sauti moja ilikuwa imekatazwa na tatu zilikuwa zimepotea. Walisimama wamenyamaza, wanahesabu mapigo, macho yao kwenye kidole chake, na kilichosikika ni maji ya ziwa upande wa chini na kikohozi cha mtu mmoja.

Kidole kilipofika kama nusu ya karatasi, Mama Otilia akainuka kutoka kwenye mkeka. Alikuwa kikongwe, ameshikiliwa na wanawake wawili.

"Mbona hamwimbi?" aliuliza. "Miaka yote mliimbia wakubwa na wageni wao. Mwanangu aliwaimbia mpaka akaisha. Leo ni yeye, mnamnyamazia? Amewakosea nini?"

Henry akaanza kulia waziwazi. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na si maneno ya kusema tu. Nilikuwa na jibu la swali lile. Angeuliza amekosewa na nani, ingebidi nijitokeze mbele ya watu wote niseme ni mimi, kwa magunia sita ya mahindi. Sikujitokeza.

Notburga alirudisha kidole juu ya karatasi, kwenye nota ya kwanza. Kisha akafungua mdomo.

Sauti yake ilikuwa mbaya. Pankras hakumsingizia. Ilikuwa kavu, ya puani, ikipanda ilikwaruza, na ubeti wa pili ilimkatika kabisa akangoja pumzi irudi. Lakini nota hakukosa hata moja. Aliimba sauti ya mdogo wake tangu mwanzo mpaka mwisho, ile inayopaswa kuachwa, peke yake, na waimbaji nyuma yake walinyamaza mahali ambapo sauti zao zilipaswa kuwapo, wakamngoja pale panapongojewa, wakavuta pumzi pale panapovutwa. Mazishi yote niliyoyaona, pengo lilikuwa la marehemu. Siku ile marehemu alikuwapo, pengo lilikuwa sisi.

Mama Otilia alisikiliza kichwa kimeinama. Wimbo ulipokwisha alikaa tena kwenye mkeka.

"Alikuwa anaimba hivyo alipokuwa mdogo," alisema, "anapoanika dagaa."

Sidhani kama ni kweli, maana wimbo ule ulikuwa haujawahi kuimbwa. Hakuna aliyembishia.

Notburga hakurudi Mbinga. Alibaki Lituhi na mama yake, na nasikia anauza dagaa. Siku tulipoondoka alinikabidhi lile katoni la sabuni. Hakuniomba stoo, alisema tu kwamba za serikali zikae serikalini. Karatasi ya Devotha haikuwamo, na sikuuliza iko wapi.

Nilipofika nikafungua ile stoo nikaita wabebaji. Mahindi nikayatoa yote, nikayauza kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kwanza aliyepita, nikafagia vumbi na mavi ya panya, nikaliweka katoni juu ya meza katikati ya chumba. Ndimo zilimo kumbukumbu zote zilizobaki za Kwaya ya Kahawa, miaka ishirini ya watu thelathini. Nikasimama mlangoni na funguo mkononi nikakitazama chumba. Nafasi ilikuwa tele.